Mimi vena nene sina kidonda, kaka vena hazionekani ana kidonda ndugu. Kwenye tishu kuna alama gani ya kututofautisha?

#1 MwalimuChaki
Wakuu habari zenu.

Mimi na kaka yangu ni tumbo moja, baba mmoja. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, yeye ni kinyozi, yaani wote watu wa kusimama kutwa. Vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za mguu wangu wa kushoto zimejisokota kuanzia pajani hadi kwenye kigimbi, nikivaa kaptula watoto wa mtaani wananiuliza kama inauma. Lakini ngozi safi kabisa. Yeye vena zake huzioni mpaka uiname, ila juu ya kifundo kwa ndani ngozi ilianza kuwa nyeusi, ikakakamaa, ikawa inawasha, mwisho ikafunguka. Sasa ni kidonda ndugu. Sukari kapima, hana. Kwenye karatasi yake wameandika C6, kwenye yangu C2.

Nimekuwa nasoma. Watafiti wanachukua kipande cha vena au cha ngozi ya mguu wanapima vitu kibao: vimeng'enya vya MMP, feritini, TGF-beta, ICAM-1, VEGF. Na karibu kila mmoja anamaliza kwa kusema kitu chake kinahusiana na ukali wa ugonjwa. Sasa kama vinahusiana hivyo, mbona sijasikia hospitali hata moja inayompima mgonjwa wa varikosi, yaani vena zilizotanuka na kujisokota, vitu hivyo? Na mimi wa C2 naweza kukatwa kinyama nikaambiwa kama safari yangu ni ya kwa kaka au naishia hapa?

Dai langu, mnipinge: ukubwa wa vena si ukali wa ugonjwa. Ukali uko kwenye ngozi.

#2 Jamvini
Navuta kigoda. Waje wenye fani yao.

#3 BodaMstaafu
Mwalimu, uzi wa hivi bila picha ni dhuluma.

#4 MamaPilau
@BodaMstaafu wengine tuko mezani. Picha abaki nazo.

#5 NesiWaVidonda
Mpe pole kaka, Mwalimu. Niko kliniki ya vidonda, nianze na hizo C maana ndizo zinazowatia watu kiwewe. Zimetoka kwenye mpangilio wa CEAP, ulioundwa 1994 kule Maui, Hawaii, ukarekebishwa 2004 na tena 2020. C0 hakuna kinachoonekana. C1 vimishipa vyembamba vya juu ya ngozi. C2 vena iliyotanuka kuanzia milimita 3. C3 mguu unavimba. C4 ngozi imebadilika: 4a rangi na ukurutu, 4b imekakamaa au ina makovu meupe, 4c vimishipa vilivyochanua pembeni ya kifundo. C5 kidonda kilichopona, C6 kidonda kibichi.

Hapo sasa. CEAP inaeleza mguu ukoje leo, haikutengenezwa kupima ukali. Kwa ukali tuna VCSS: vipengele 10, kila kimoja 0 hadi 3, jumla 30. Humo kuna maumivu, uvimbe, rangi ya ngozi, ukubwa na umri wa kidonda, hadi kama mgonjwa anavaa soksi za kubana. Kwa hiyo ukisoma utafiti unaosema "feritini inapanda na ukali", angalia kwanza walipima ukali kwa kipi. Wengi wamechukua C wakaitumia kama rula.

Maswali kwako: kaka amepimwa presha ya kifundo ikalinganishwa na ya mkono? Kapimwa seli mundu? Kidonda cha kwenye kifundo huku kwetu si lazima kiwe cha vena. Na je, amewahi kuvunjika mguu au kulazwa muda mrefu?

#6 BabuMizizi
Kidonda kisichopona, sukari hana, vena hazionekani. Mnazunguka. Huyo kakanyaga kitu. Nina dawa ya kunywa na ya kunyunyiza, njoo inbox.

#7 MbishiWaTanga
@BabuMizizi na vena za Mwalimu nazo alikanyaga, au hizo zilikuja zenyewe? Kila uzi wa afya humu umo na ndoo yako.

#8 NesiWaVidonda
Unga wowote usinyunyizwe kwenye kidonda. Nitasema mara moja tu, sitabishana.

#9 DarubiniKuukuu
Salaam. Mimi kazi yangu ni histolojia: nakata vipande, natia rangi, natazama. Nijibu swali la Mwalimu kuhusu alama zenyewe, kwa sababu amezitaja zote kwa pumzi moja na si za ukoo mmoja.

MMP ni vimeng'enya vinavyokata kolajeni na elastini, nyuzi zinazoipa ngozi na mishipa uimara na mnyumbuko. Mwili una breki zake, zinaitwa TIMP. Kwenye ngozi iliyokakamaa ya 4b, MMP-2 imekutwa ikiwa nyingi na iko kazini. Kwenye majimaji ya kidonda kisichopona MMP-9 na MMP-8 zinajaa, na sehemu kubwa zinatoka kwa chembe nyeupe za damu. ICAM-1 na VCAM-1 ziko kwenye utando wa ndani wa mishipa. Kazi yake ni kuzishika chembe nyeupe zinazopita ili zitoke nje ya mshipa. Feritini na hemosiderini ni habari za madini ya chuma: chembe nyekundu zimevuja, zimevunjika, chuma kimebaki kwenye ngozi. TGF-beta1 inachochea kovu. VEGF inaotesha kapilari, vile vimishipa vyembamba kabisa, na kuzifanya zivuje.

Kwa hiyo kuna zinazoonyesha uharibifu, kuna zinazoonyesha ukarabati, kuna zinazoonyesha takataka zilizobaki. Haziwezi kupanda kwa pamoja kwenye ngazi moja.

Kingine ambacho wasomaji wengi hukiruka. Tishu ya mtu wa C2 kwa kawaida ni vena iliyotolewa kwenye upasuaji. Tishu ya mtu wa C6 mara nyingi ni ngozi ya ukingo wa kidonda. Ukiweka vitu viwili hivyo kwenye jedwali moja ukasema "imepanda", umelinganisha viungo viwili tofauti.

#10 Jamvini
Hapo kwenye jedwali umemaliza mkuu.

#11 MpasuajiWaZamu
Amemaliza wapi? @DarubiniKuukuu kaeleza vizuri lakini mnapita mlango wa nyuma wakati wa mbele uko wazi. Ugonjwa huu ni presha. Ukisimama wima bila kutembea, presha ya vena kwenye kifundo ni kama milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ukitembea, misuli ya kigimbi inasukuma damu juu, valvu zinazuia isirudi, presha inashuka chini ya 30. Valvu zikifa, haishuki. Mguu unakaa na presha hiyo mchana kutwa mwaka hadi mwaka, ngozi inachoka. Hizo alama zote ni matokeo.

Ushahidi? Utafiti wa ESCHAR wa Uingereza, 2004, wagonjwa 500. Waliofungwa bandeji peke yake, vidonda vilirudi kwa 28% ndani ya miezi 12. Waliofungwa bandeji na kufanyiwa upasuaji wa vena za juu, 12%. Ukiondoa damu inayorudi chini, ugonjwa unatulia. Hakuna aliyegusa MMP ya mtu.

#12 MbishiWaTanga
@MpasuajiWaZamu malizia hadithi. Katika ESCHAR hiyohiyo, kupona kwa vidonda kwa wiki 24 kulikuwa 65% kundi hili na 65% kundi lile. Sawa kwa sawa. Yaani ulipoondoa presha yako kwa kisu, kidonda kilichokuwepo hakikuharakisha hata kidogo. Kwa nini, kama presha ndiyo kila kitu?

#13 MpasuajiWaZamu
Kwa sababu wote walifungwa bandeji na bandeji nayo ni dawa ya presha. Halafu ikaja EVRA, 2018, wagonjwa 450. Safari hii vena ilizibwa kwa ndani mapema badala ya kusubiri: siku 56 za kupona kwa mgonjwa wa katikati, dhidi ya 82 kwa waliosubiri. Umeridhika?

#14 MbishiWaTanga
Nimeridhika kwamba inasaidia. Sijaridhika kwamba inajibu swali la Mwalimu. Yeye ana damu inayorudi chini na hana kidonda.

#15 MwalimuChaki
Ni kweli, ultrasaundi ya Doppler, ile inayoonyesha damu inaelekea wapi, ilionyesha vena yangu kubwa ya juu inarudisha damu kuanzia kinenani. Nikisimama presha yangu si ndogo. @NesiWaVidonda ya kifundo alipimwa, ikatoka 1.1, wakasema mishipa inayoleta damu ni mizima. Seli mundu sijui, nitamuuliza. Kuvunjika pia nitauliza, alikuwa mchezaji ujanani.

#16 BintiWaMuscat
Assalamu alaikum. Niko Muscat, asili yetu Unguja. Mimi zilianza mimba ya pili. Dada yangu amezaa zaidi yangu, miguu yake laini. Mama yetu alikuwa nazo. Kwa hiyo kwetu naona ni damu ya ukoo, presha ni kichochezi tu.

#17 DarubiniKuukuu
@BintiWaMuscat hauko peke yako kufikiri hivyo. Kuna kundi la watafiti linalosema ukuta wa vena ndio mbovu tangu mwanzo, valvu inashindwa baadaye kwa sababu mlango umepanuka na vibao vyake havikutani tena. Wanaegemea mambo mawili. La kwanza: Doppler inakuta watu ambao damu inarudi chini ya goti tu, huku valvu za kinenani nzima. Kama ugonjwa ungeanza juu na kuteremka, hilo lisingetokea. La pili ni kolajeni: seli za misuli za vena yenye varikosi zinatengeneza kolajeni aina ya I kwa wingi na aina ya III kidogo. Wakachukua na seli za ngozi za wagonjwa wa aina hiyo, wakakuta upungufu uleule wa aina ya III. Ngozi haibebi presha ya vena kubwa, kwa nini iwe na kasoro ileile?

#18 MpasuajiWaZamu
Ngozi ya mguu inabeba. Halafu ukivuta ukuta wa vena ya panya kwa muda mrefu maabara, MMP-2 na MMP-9 zinapanda, na vena inapoteza nguvu ya kujikaza. Panya hana ukoo wa varikosi. Alivutwa tu.

#19 BodaMstaafu
Panya maskini.

#20 WaKakamega
Hamjambo, nasoma kutoka Kenya. Mbona hamtaji jeni? Mwaka 2018 kulikuwa na uchambuzi mkubwa wa UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, watu karibu nusu milioni. Walipata maeneo mengi ya jeni yanayohusishwa na varikosi, CASZ1 likiwemo, na wakaona urefu wa mtu ni hatari kivyake. Kuna pia FOXC2: wenye kasoro yake valvu zao za vena huharibika. Zaidi ya hapo ni chuma. Waitaliano akina Zamboni, 2005, waliona wenye mabadiliko ya C282Y kwenye jeni ya HFE wana hatari ya kidonda karibu mara saba wakiwa na ugonjwa wa vena. Hii ndiyo tofauti ya Mwalimu na kaka! Mmoja anashughulikia chuma vibaya.

#21 MamaPilau
Kumbe urefu nao. Wafupi leo tumepata la kujivunia.

#22 DarubiniKuukuu
@WaKakamega hiyo ya Zamboni nimeisoma na naipenda, ila C282Y ni mabadiliko ya watu wa Ulaya ya kaskazini. Kwa Waafrika weusi ni adimu mno. Kumwekea kinyozi wa huku ni kumvisha koti la mwenzake. Chuma chenyewe sikikatai. Mwaka 2011 Wajerumani wa Ulm walionyesha makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza uchafu, za kwenye vidonda vya vena zimeshiba chuma, zimekwama kwenye hali ya vita, hazigeuki kuwa za ukarabati. Kwa hiyo chuma kinaweza kuwa na mkono hata bila jeni ile.

Na kwa ngozi yetu kuna mtego. Kwa mzungu ngozi ya kahawia juu ya kifundo wanaisoma moja kwa moja kuwa chuma. Kwetu sisi, ngozi yoyote iliyowaka muda mrefu inatoa melanini, rangi ya asili ya ngozi, kwa wingi na kuwa nyeusi. Kwa macho huwezi kutenganisha. Kwenye darubini natia rangi ya Perls: chuma kinakuwa cha bluu. Kisha natia Fontana-Masson: melanini inakuwa nyeusi. Mtafiti asiyetia rangi zote mbili akaandika "hemosiderini imeongezeka" kwa kutazama tu wekundu na weusi wa ngozi, mimi simsomi hadi mwisho.

#23 WaKakamega
Sawa kuhusu C282Y. Lakini jeni nyingine za chuma zipo, hamjazitafuta huku haimaanishi hazipo.

#24 MbishiWaTanga
Na kutotafutwa hakumaanishi zipo. Tuendelee.

#25 MwalimuChaki
@DarubiniKuukuu ulisema haziwezi kupanda kwenye ngazi moja. Una mfano halisi, au ni hoja ya mezani?

#26 DarubiniKuukuu
Ninao. Pappas na wenzake, Marekani, 1999. Walichukua ngozi ya sehemu ya chini ya mguu kwa watu wenye afya na wagonjwa wa daraja la 4, 5 na 6 (yaani C4, C5 na C6), wakapima jeni ya TGF-beta1 inavyofanya kazi. Daraja la 4 ilikuwa juu sana. La 5 ikashuka. La 6, lenye kidonda kibichi, ikawa sawasawa na ya watu wenye afya. Ungekuwa mwalimu wa hesabu ungechora grafu ikapanda mlima na kushuka.

Ukipima TGF-beta1 ya kaka leo unaweza kupata namba ya mtu mwenye afya kabisa, na mguu umefunguka. Ya mtu wa C4 asiye na kidonda ingekuwa juu. Nani mkali hapo?

#27 Jamvini
Daah. Hii ndiyo imenigonga.

#28 MpasuajiWaZamu
Maelezo yake rahisi: daraja la 4 ndipo kovu linapojengwa. Likishajengwa, mjenzi anaondoka.

#29 DarubiniKuukuu
Inawezekana. Au TGF-beta1 ni kinga, na mguu unaoishiwa nayo ndio unaofunguka. Data ileile inabeba maelezo yote mawili, ndiyo maana naogopa mtu akiniambia "alama ya ukali". Kipande kimoja cha siku moja hakisemi mguu unaelekea wapi.

#30 MsusiSinza
Jamani habari za jioni. Nimesoma nusu nimetoka jasho. Mimi nasuka, kusimama ni maisha yangu, mguu wa kulia jioni unajaa soksi inaacha alama. Hakuna vena. Hiyo ni C3? Na soksi za kubana na joto hili la Dar mnazivaaje? Nilinunua nikazitupa kabatini.

#31 NesiWaVidonda
Mdogo wangu, uvimbe wa jioni una sababu nyingi: moyo, figo, dawa za presha, ujauzito, uzito. Nenda upimwe kwanza, C3 asikupe mtu mtandaoni. Soksi: vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu haujajaa. Anza na za kubana kidogo zinazoishia chini ya goti, vua usiku. Na usinunue barabarani kabla hujapimwa presha ya kifundo. Ikiwa chini ya 0.8 soksi za kawaida za kubana zinahitaji mtaalamu aziangalie, chini ya 0.5 zinaweza kuua mguu.

#32 MsusiSinza
Asante dada. Kesho naanza na kupima.

#33 MtuWaMusanze
Salamu kutoka Rwanda. Niongeze kitu kwa wanaosoma juujuu. Huku kwetu kwenye udongo wa volkano kuna podokoniosi: watu wa kutembea peku shambani, miguu inavimba, ngozi inakuwa nene na magamba. Si vena, si minyoo, ni chembe za udongo zinazoingia kwenye ngozi na kuharibu mirija ya limfu. Nimeona mzee akipewa dawa za vena miaka.

#34 MbishiWaTanga
Na huku pwani tuna matende. Mguu mnene Tanga si lazima uwe wa vena. Hiyo nayo inaharibu tafiti: ukikusanya "C3" na "C4" za Afrika Mashariki kwa macho tu, umechota samaki wa bahari tatu kwa wavu mmoja. MMP na TGF-beta zinapanda pia kwenye limfu iliyoziba.

#35 WaKakamega
Basi utafiti wa huku lazima uwe na Doppler ya kila mguu kabla ya kukata chochote.

#36 NesiWaVidonda
Kukata ndiko nilikotaka kufika, @MwalimuChaki aliuliza kama akatwe. Ngozi ya 4b ukiitoboa unaweza kukitengeneza kidonda ulichokuwa unakiogopa. Hakuna daktari mwenye akili atakata muundi wa mtu asiye na kidonda ili amwambie namba ya MMP ambayo haibadilishi tiba. Atakachomwambia ni kilekile: bana mguu, tembea, ziba vena inayorudisha damu, punguza uzito, inua miguu juu ya usawa wa moyo.

Biopsi tunafanya, lakini kwa sababu nyingine. Kidonda kikikaa miezi mitatu bila dalili ya kupona licha ya kubanwa vizuri, au kingo zikinyanyuka na kuota nyama, tunakata kutafuta saratani. Kidonda cha miaka kinaweza kugeuka, Mfaransa Marjolin aliandika habari za vidonda vya namna hiyo tangu 1828. Kwetu pia tunatafuta saratani ya Kaposi na maambukizi ya ajabu.

#37 MpasuajiWaZamu
Naunga mkono kila neno. Mkitaka alama isiyohitaji kisu, chukueni majimaji ya kidonda. Yanapatikana bure kila bandeji ikifunguliwa.

#38 DarubiniKuukuu
Yanapatikana kwa C6 tu. Mwalimu hana kidonda, hana majimaji. Na majimaji yanabadilika kwa bakteria, kwa dawa uliyopaka, kwa saa ulizokaa na bandeji.

#39 BintiWaMuscat
Mimi hapa nilipimwa D-dimer ikatoka juu kidogo. Si alama hiyo?

#40 MpasuajiWaZamu
Dada, D-dimer inapanda bonge la damu linapotengenezwa na kuvunjwa. Tunaitumia zaidi kuondoa shaka ya damu kuganda ndani: ikiwa chini kwa mtu wa hatari ndogo tunapumua. Ikiwa juu, inaweza kuwa ujauzito, maambukizi, upasuaji, umri. Ukali wa varikosi haisemi. Ila kama mguu mmoja umevimba ghafla na unauma, usikae humu, nenda leo.

#41 BintiWaMuscat
Hapana, ilikuwa wakati wa mimba. Shukrani.

#42 MzeeWaKumbukumbu
Vijana mnazungumza kana kwamba swali hili lilizaliwa juzi. Mwaka 1982 Browse na Burnand wa London walisema kapilari zinavuja fibrini, protini ya kugandisha damu, inazizunguka, inazuia oksijeni kufika kwenye ngozi. Kila mtu akashangilia. Baadaye ikaonekana vidonda vinapona na fibrini bado ipo. 1988 Coleridge Smith na wenzake wakasema hapana, ni chembe nyeupe zinazonasa kwenye kapilari mguu ukining'inia. Zikashangiliwa nazo. 1993 Falanga na Eaglstein wakaja na jibu la tatu: fibrini na protini zilizovuja zinazifungia zile kemikali za ukuaji zisifanye kazi. 2006 Bergan na wenzake wakaandika kwamba mwendo wa damu ukivurugika, utando wa ndani unawaka, chembe nyeupe zinajishika, valvu inaliwa, presha inapanda, damu inazidi kuvurugika. Duara.

Kwa hiyo Mpasuaji na Darubini mnagombania mlango wa nyumba isiyo na mwanzo.

#43 MbishiWaTanga
Mzee duara ni jibu la kila mtu aliyechoka kubishana. Hata duara mtu aliingia mahali fulani. Mwalimu ameingia na hazunguki, kaka anazunguka. Kwa nini?

#44 MzeeWaKumbukumbu
Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufukuza darasani nikakupa alama za juu.

#45 MwalimuChaki
Wakuu nimerudi. Nimeongea na kaka. Seli mundu hana, alishapimwa akichangia damu ya mtoto. Lakini @NesiWaVidonda umepiga ikulu: ujanani akicheza mpira alivunjika kwenye kifundo, mguu uleule, akafungwa hogo na kukaa kitandani muda mrefu. Anasema hogo lilipotolewa mguu ulikuwa umevimba mpaka pajani, wakamwambia ni kawaida. Kifundo mpaka leo hakikunji vizuri. Mimi hayo sikuyajua, nilikuwa bweni.

#46 MpasuajiWaZamu
Si nilisema! Hogo, kulala, mguu kuvimba hadi pajani: damu iliganda kwenye vena za ndani. Bonge likayeyuka nusu, valvu za ndani zikafa, njia ikabaki nyembamba. Hiyo ni ugonjwa wa baada ya kuganda, kwenye CEAP ile E yake, yaani chanzo, inaandikwa ya pili, si ya asili kama yako. Ndiyo maana vena za juu hazionekani sana na ngozi imekufa. Wewe na kaka hamna ugonjwa mmoja hata kidogo. Apigwe Doppler ya vena za ndani hadi nyongani.

#47 NesiWaVidonda
Taratibu, Doppler bado. Mimi naangalia kifundo. Kisipokunja, kigimbi hakisukumi, hata valvu zingekuwa mpya. Nina wagonjwa ambao tumewapeleka kwa watu wa viungo, wakafundishwa kukunja na kukunjua, uvimbe ukapungua kabla ya kuguswa vena yoyote.

#48 DarubiniKuukuu
Na mimi nasema hata Doppler ikitoka kama @MpasuajiWaZamu anavyotaka, wako wengi waliogandisha damu ndani na ngozi yao ni safi hadi uzeeni. Presha sawa, ngozi tofauti. Kuna kitu tishu inakifanya ambacho Doppler haioni.

#49 MpasuajiWaZamu
Presha sawa umepima wewe? Wengi wao njia za pembeni zilifunguka vizuri.

#50 DarubiniKuukuu
Na nini kinafungua njia za pembeni? VEGF na wenzake. Karibu tena maabara.

#51 WaKakamega
Na wingi wa VEGF unaamuliwa na nini? Jeni. Narudi.

#52 MbishiWaTanga
Mwalimu, dai lako la kwanza bado naliunga mkono nusu: ukubwa wa vena si ukali, hilo hakuna aliyeliangusha. Lakini "ukali uko kwenye ngozi" umelisema ukiwa na kaka mmoja, na kaka mwenyewe kumbe kavunjika.

#53 MwalimuChaki
Nimekubali nusu. Doppler ya ndani ameandikiwa wiki ijayo, nitaleta majibu. Na ile ya mguu wangu nimepewa tarehe ya kuzibwa vena, naogopa sindano kuliko kidonda.

#54 MpasuajiWaZamu
Wewe wa C2 hakuna haraka, ila kama inakuuma usiogope. Unatoka unatembea siku hiyohiyo.

#55 BodaMstaafu
Wataalamu, na hizi zinazojisokota kwenye korodani nazo zina C yake? Namuulizia rafiki.

#56 MamaPilau
Rafiki huyo anaendesha boda?

#57 MpasuajiWaZamu
Hiyo ni varikosili, CEAP ni ya miguu. Yenyewe ina madaraja yake, 1 hadi 3, kwa jinsi inavyoshikika na kuonekana. Mwambie rafiki afungue uzi wake, nitakuja.

#58 BodaMstaafu
Rafiki amekataa, anasema humu wanadai picha.